Shajara ya mradi: kusafisha fimbo za gofu za mjomba, Dodoma

Jumamosi, mwanzo wa Julai: ukaguzi

Fimbo zote ziko nje ya begi, nimezipanga juu ya mkeka barazani kwa namba zake. Za chuma zinaanzia tatu hadi tisa, kuna weji mbili (za mapigo mafupi ya kuinua mpira), draiva (ya pigo refu kuliko yote) na mwenzake wa namba tatu wenye vichwa vya mti, na pata ya shaba ya manjano, ya kusukumia mpira shimoni. Jumla ni 12. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba zisizozidi 14, kwa hiyo mjomba akitaka kuongeza, nafasi anayo.

Seti hii ni yake. Ilikaa stoo Tanga miaka mingi, nyumba ikipigwa na upepo wa bahari, mpaka alipostaafu akahamia kwetu, mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, na kuja nayo. Anataka kurudi uwanjani Morogoro wakati miguu bado inamruhusu. Nilipomuuliza anazitakaje, alinijibu: "Mwanangu, sitaki ziwe mpya. Nataka zinitii." Nimeiandika kauli hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, maana ndiyo itakayoamua nisugue wapi na niache wapi.

Hewa ya pwani ina unyevu na ina chumvi, na chuma kikikutana na vyote viwili kwa pamoja hakichukui muda kushika kutu. Dodoma ni kwingine. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka ni kama milimita 600 au pungufu, na kuanzia Mei hadi Oktoba ni nadra kuona tone. Kutu iliyoanzia Tanga imefika hapa ikapunguza mwendo. Hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu naweza kufanya kazi taratibu, fimbo moja baada ya nyingine.

Kabla ya maji wala sabuni, nimezisikiliza. Unashika fimbo wima, unaitikisa karibu na sikio. Shafti, yaani mpini mrefu wa fimbo, ikiwa ya chuma ni bomba tupu, na kutu ikiwa ndani utasikia chembe zikimwagika. Nyingi ziko kimya. Namba tano inalia. Nikapitisha ukucha pale shafti inapoingia kwenye kichwa, juu kidogo ya ile pete nyeusi ya plastiki, nikakuta vishimo. Hapo ndipo shafti hukatika, na ikikatika katikati ya pigo kichwa kinaruka kama jiwe la kombeo. Namba tano nimeiweka pembeni na kuifunga utepe mwekundu. Itaoshwa pamoja na wenzake, lakini haitapiga mpira mpaka ipate shafti nyingine.

Jumapili: kuosha

Leo ni maji na sabuni peke yake. Nimeamua mradi mzima uende hivi: naanza na njia dhaifu kuliko zote, naitazama imefanya nini, ndipo napanda ngazi ikibidi. Anayeanza na dawa kali hana ngazi ya kushukia.

Vumbi la Dodoma linahitaji adabu yake. Lina mchanga wa kwatzi, na kwatzi katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini iko daraja la 7. Vanishi ya kichwa cha mti, plastiki ya pete na rangi ya shafti vyote ni laini kuliko hapo. Ukichukua kitambaa kikavu ukaanza kufuta fimbo iliyojaa vumbi, unaipiga msasa bila kujua. Kwa hiyo vumbi linatolewa kwanza kwa brashi laini ya rangi, bila kukandamiza, kisha fimbo za chuma zinamwagiwa maji, ndipo kitambaa kinaruhusiwa kugusa.

Maji yawe ya vuguvugu, yale unayotumbukiza kiwiko usishtuke. Kichwa kimeshikiliwa kwenye shafti kwa gundi ya epoksi, na joto ndilo fundi analotumia anapotaka kukitoa. Hakuna sababu ya kumwaga maji yanayochemka juu ya gundi ambayo huenda umri wake unapita thelathini. Nimetia maji kwenye beseni kina kifupi, kiasi cha kufunika uso wa fimbo tu, pete nyeusi ikibaki juu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo matone machache. Dakika chache za kuloweka zinatosha kulainisha udongo mkavu. Vichwa vya mti havijakaribia beseni hata kidogo, habari zake zitakuja.

Mswaki wa zamani ulifanya kazi nzuri mgongoni na chini ya fimbo. Kwenye mifereji ya usoni nilihitaji kitu chenye ncha, nikachukua kijiti cha mishikaki na kukichonga kwa kisu. Msumari ungekuwa wa haraka, lakini chuma juu ya chuma huacha alama. Kijiti kikichoka unakichonga tena.

Mifereji hii nataka nieleze kidogo, kwa sababu ndiyo moyo wa usafi wa fimbo za chuma. Kazi yake ni kupokea maji na majani yanayobanwa kati ya uso wa fimbo na mpira, ili chuma kiushike mpira wenyewe. Ikijaa udongo, mpira unateleza usoni, unapungukiwa mzunguko wa kurudi nyuma, na ukitua kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, unaendelea kukimbia. Mtu anaweza kulaumu mkono wake msimu mzima kumbe ni udongo. Sheria zimeweka vipimo vyake: upana usizidi milimita 0.9, kina kisizidi milimita 0.508, na tangu 2010 makali ya kingo nayo yamewekewa mpaka. Vipo vifaa vidogo vya kuichonga upya. Sivitumii, na simshauri mtu. Vinatoa kromu, na kwa mkono wa nyumbani ni rahisi kupita kipimo na kuifanya fimbo isikubalike mashindanoni.

Kukausha ndiko kulikochukua muda. Maji ya bomba ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kila anayechemsha chai Dodoma anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ukiliacha tone likauke lenyewe juu ya kromu, litaacha doa la namna hiyohiyo. Kwa hiyo kila fimbo ilikaushwa kwa tisheti kuukuu ya pamba kabla sijagusa nyingine, na kijiti kikavu kikapita tena kwenye mifereji.

Jioni mwanga ukiwa umelala niliziangalia tena. Namba nane na tisa zimemaliza safari. Zilikuwa chafu tu, hazikuwa na ugonjwa.

Katikati ya wiki, usiku: kutu

Sasa yameonekana yaliyokuwa yamefunikwa na uchafu. Namba tatu na nne zina vidoa vya kahawia mgongoni. Weji zote mbili zimekula kutu usoni, pale ambapo mchanga wa banka (shimo la mchanga uwanjani) umekwangua kromu mpaka chuma kikatoka nje.

Fimbo hizi ni chuma kilichofuliwa, juu yake nikeli, juu ya nikeli kromu. Ile kromu inayong'aa kwa kawaida haifiki hata mikroni moja, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kidoa cha kahawia unachokiona ni mlango tu. Unyevu umepita kwenye tundu dogo, umefika kwenye chuma, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo inasukuma kutoka chini na kuinua ngozi. Ukisugua kwa nguvu ili doa liondoke, unaondoa kidogo kilichobaki cha kuzuia doa linalofuata.

Ngazi ya kwanza ilikuwa foili ya jikoni. Unakata kipande, unakikunjakunja kiwe kidonge, unakichovya kwenye maji, unasugua doa taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, lakini inaitoa kutu iliyokaa juu juu. Utaona tope la kijivu linatokea. Unalifuta, unatazama, unarudia. Namba tatu na nne zimekubali hapo hapo. Vimebaki vitundu vyeusi vidogo kama ncha ya sindano, na vitabaki, kwa sababu pale kromu haipo tena na hakuna dawa ya nyumbani inayoirudisha.

Stilwaya ya kuoshea masufuria haijaingia kwenye kazi hii. Ni nene, inaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni njia mpya ya unyevu.

Weji zilihitaji ngazi ya pili, yaani siki. Siki ya dukani ina asidi ya asetiki kama asilimia 5, na inayeyusha kutu bila fujo. Sikuzizamisha. Nililowesha kitambaa, nikakilaza juu ya uso wa weji, nikawa nakifunua kila baada ya dakika chache kutazama. Kutu ilipogeuka tope, mswaki uliimaliza. Siki haijui kuchagua: ikimaliza kutu inaanza chuma, kwa hiyo huwezi kuiacha ukaenda kulala.

Kisha magadi. Haya haya tunayotia kwenye maharage, kijiko kwenye bakuli la maji. Magadi ni kinyume cha asidi, yanaizima siki iliyobaki kwenye mifereji. Usipofanya hivyo chuma kilicho uchi kinageuka rangi ya chungwa kabla hujamaliza kunawa mikono. Baada ya magadi, maji safi, kitambaa, halafu kila weji ikakaa karibu na taa ya meza mpaka ikauke kabisa.

Jirani yangu, mtu mwenye moyo wa kusaidia, alipita akashauri dawa ya kusafishia choo, kwamba itamaliza yote kwa dakika moja. Itamaliza kweli, na kromu pia, kwa sababu nyingi za dawa hizo zina asidi ya haidrokloriki na kromu haiiwezi. Tulizungumza vizuri tu. Nikamweleza na jingine ambalo kila nyumba inapaswa kulijua: siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu.

Jumamosi iliyofuata: kung'arisha

Kwenye duka la rangi za magari karibu na Soko la Majengo nilipata tyubu ya dawa ya kung'arishia kromu. Dada wa dukani aliniuliza ni ya bampa ya gari gani, nilipomwambia ni ya fimbo za gofu akanionyesha ile yenye chenga laini zaidi. Alikuwa sahihi. Dawa zote hizi zina chenga za kusaga ndani, tofauti ni ukubwa.

Kiasi cha punje ya harage kwa kichwa kizima. Kitambaa cha pamba, vidole viwili, msukumo mdogo, mwelekeo mmoja. Kitambaa kinageuka cheusi mara moja na mtu anafurahi akidhani uchafu unatoka. Mwanzoni ni kweli. Ukiona umegeuza upande safi wa kitambaa na weusi unaendelea vilevile wakati uso umeshang'aa, simama, unachotoa sasa ni chuma chenyewe.

Nimeng'arisha migongo na nyayo. Nyuso za kupigia mpira nimeziacha zilivyo baada ya kuosha. Hazihitaji kung'aa, na sitaki dawa ibaki kwenye mifereji. Pata ya shaba nayo nimeiosha tu. Mjomba anaipenda ikiwa na rangi yake ya kahawia ya zamani, na ana hoja: jua la saa sita la huku kwetu likigonga shaba iliyong'arishwa, linakurudi machoni wakati ule ule unapotaka kutulia na kuulenga mpira.

Halafu swali la kinga. Mkoa huu na Singida ni nchi ya alizeti, kila nyumba ina dumu, na watu wawili tofauti wameniambia nipake mafuta hayo kwenye chuma. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani yanashika oksijeni na kugeuka ulimbo. Kwa chapati ni mazuri kupita kiasi. Kwa fimbo yatakuwa gundi ya kukusanya vumbi, na vumbi nimeshasema ni kitu gani. Kwenye chuma nimepaka oili ya cherehani, nyembamba, kisha nikaifuta mpaka kidole kikipita hakiachi alama. Weji, ambazo chuma chake kiko uchi, zitapakwa hivyo kila baada ya mchezo.

Jumapili: vichwa vya mti

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingojea.

Kampuni ya TaylorMade ilileta draiva ya chuma sokoni mwaka 1979, na baada ya hapo mti ukaanza kuondoka uwanjani. Hizi za mjomba ni za ule upande wa kabla. Mti wenyewe ni persimoni wa Marekani, wa jenasi ya *Diospyros*, jenasi ile ile inayotoa ebony ya Asia. Si ndugu wa mpingo wetu, maana mpingo ni *Dalbergia*, wa jamii ya mikunde. Ni mzito, nyuzi zake zimeshikana sana, na unapougonga kwa kiungo cha kidole unajibu kwa sauti fupi kavu.

Mti huu ukinywa maji unavimba, na ukikauka haraka unapasuka. Umetoka Tanga yenye unyevu ukaja Dodoma kavu, kwa hiyo nilikagua kila upande kwa kioo cha kukuzia nikitafuta ufa. Draiva ina ufa mmoja wa vanishi tu, haujaingia kwenye mti. Mwenzake ni mzima. Skrubu za bamba la chini zilikuwa zimelegea kidogo, nikazikaza kwa bisibisi ya mkono, robo mzunguko, bila nguvu.

Usafi wake ni kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi, kikifuatwa papo hapo na kikavu. Basi. Hakuna siki, hakuna dawa ya gari.

Kinga yake ni nta ya nyuki. Nyuki wa Manyoni na Itigi wanajulikana nchi nzima kwa asali, na nta hupatikana kwa wauza asali ukiuliza, mara nyingi ikiwa donge lenye vipande vya majani ndani. Niliiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto (nta inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 63 za Selsiasi, haihitaji kuwekwa juu ya moto wenyewe), nikaichuja kwa kitambaa. Nikaiondoa jikoni, nikapeleka kopo nje mbali na jiko, ndipo nikaongeza tapentaini kidogo iwe laini. Ilipopoa ikawa malai. Unapaka nyembamba, unangoja, unasugua kwa pamba mpaka mkono uteleze. Mti ulitoa rangi nyekundu iliyokuwa imelala chini ya ukungu mweupe wa miaka, na ile mishipa ya mti ikaonekana hadi kwenye kona. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Shingoni, pale kichwa kinapokutana na shafti, fimbo za mti huzungushiwa uzi ili mti usipasuke kwa mshtuko wa pigo. Uzi wa draiva ulikuwa umefumuka. Nilikwenda kwa fundi viatu wa mtaani kwetu nikampa salamu na kumweleza. Aliishika draiva, akaigeuza, akasema, "Kaka, hii ni kazi ya nailoni iliyopakwa nta, usitie pamba." Akanikatia urefu wa kutosha na hakutaka pesa. Namna ya kufunga ni hii: unalaza ncha ya uzi kando ya shingo, unaizungushia ukipanda, kila mzunguko ukibana uliotangulia. Ukikaribia juu unaweka kitanzi cha uzi mwingine, unazungusha mara chache juu yake, unapitisha ncha ndani ya kitanzi na kukivuta. Ncha inamezwa chini ya mizunguko. Hakuna fundo linaloonekana wala la kulegea.

Wiki iliyofuata, jioni: mishikio

Mpira wa mishikio, pale mikono inaposhika fimbo, unazeeka kwa joto, jua, jasho na mafuta ya ngozi. Ukiwa mgumu unateleza, na anayeshika fimbo inayoteleza hubana mno, na akibana mabega yake yanakuwa mbao. Niliiosha mishikio yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, brashi ikifuata urefu, nikaisuuza fimbo zikiwa zimeinamishwa ili maji yasitiririke kwenye shafti, nikaikausha kivulini. Iliyobaki ikimeta nikaipitishia msasa laini mara chache, na ikarudi kushika.

Ya weji mbili ilikuwa imepasuka, haina tiba. Mipya imetumwa na basi kutoka Dar es Salaam. Kabla ya kuagiza pima unene wa mwisho wa shafti, kwa sababu ukubwa unaotumika sana ni inchi 0.580 na 0.600. Kisu kikate kuelekea mbali na mwili, gundi ya zamani yote itoke, utepe mpya wa pande mbili uingie, kisha kimiminika cha kuutelezesha. Nilitumia tapentaini ile ile, nje, jiko la mkaa likiwa limezimwa kabisa. Mshikio uliingia kwa msukumo mmoja, nikaunyoosha kwa macho, nikauacha usiku kucha.

Jumamosi, mwisho wa Julai

Mjomba amezipitia zote leo. Alianza na weji, akapitisha kidole gumba kwenye mifereji, akaitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye draiva aliuliza nani amefunga uzi. Nikamwambia. Akasema Jumatatu tutampelekea fundi viatu asali.

Tumekubaliana mahali pa kukaa: chumbani kwake, begi wazi, mbali na dirisha. Si kwenye buti ya gari. Gari lililoegeshwa juani Dodoma mwezi wa kumi ni tanuri, na gundi, mpira na mti vyote vitateseka humo. Mfukoni mwa begi nimeweka brashi, kijiti cha mishikaki, kitambaa na kichupa cha oili ya cherehani. Fimbo ifutwe pale pale baada ya pigo, udongo ukiwa bado mbichi.

Safari ya Morogoro ni kwa treni, wiki ya pili ya Agosti, na fimbo 11. Namba tano inabaki na utepe wake. Fundi wa Dar es Salaam anatafuta shafti yenye ugumu sawa na za wenzake. Akiipata nitaandika jinsi ya kutoa kichwa kwa joto bila kuunguza ile pete nyeusi.